Nguzo Mia Nne

Nilimkuta anakunja seng'enge juu ya goti,
Eleuterio Barría, miaka sabini na minne,
bereti kichwani kama kifuniko cha sufuria.
Upepo uliivuta; hakuishika.
"Huu bado mtoto," aliniambia.
"Baba yake huja baada ya chakula cha mchana
wala habishi hodi."

Siku tatu nilikuwa juu ya kokoto,
kusini, halafu kusini tena,
hadi ramani ikabakiwa na rangi mbili:
nyeupe ya barafu
na buluu ya maziwa yanayoinywa.
Gari la barua lilinishusha kwenye lango.
Nikalifungua, nikapita, nikalifunga vizuri
kama nilivyofunzwa nyumbani.
Hapo ndipo alipocheka mpaka akakohoa,
maana kulia hapakuwa na uzio, kushoto hapakuwa na uzio,
lango tu, limesimama nyikani
kama mtu aliyesahau alilotumwa.

Zamani hapa palikuwa La Porfía,
kondoo elfu ishirini na bwana mmoja asiyeonekana.
Eleuterio alikuwa na miaka kumi na tisa
alipoutandaza waya huu pamoja na kaka yake Celedonio,
kwa malipo ya unga, sukari, na buti zilizobana.
Sasa kondoo wameuzwa, nyika imerudishiwa wanyama,
na kijana mmoja wa ofisini akauliza mjini
nani anaijua mistari ya uzio wa kale.
Wakamtaja yeye.
Analipwa kung'oa alicholipwa kuchimbia.
"Na safari hii," alisema, "buti zinanitosha."

Anazisoma nguzo kama wengine wanavyosoma kalenda.
"Hii niliichimbia siku aliyofariki mama.
Habari ilinifikia nguzo mia nne mbele."
Akaikumbatia, akaitikisa, ikatoka
na udongo mkavu, na mdudu mmoja mwekundu.

Kamba hukatikia pabovu,
lakini waya wake haukuwa na pabovu.
Koleo lililia. Mikono yangu ya mgeni ikatoka damu.
Penye mteremko tukamkuta mtoto wa guanako,
mguu mmoja juu, umenaswa,
mwili umekauka kama nguo iliyosahaulika kambani.
Kwa mara ya kwanza alivua bereti.
"Kazi yangu," alisema.
Upepo wa mchana ukafika, hatukusemezana tena.

Usiku tulikunywa mate, kibuyu kimoja, mrija mmoja.
Nilipopewa cha kwanza nikasema asante,
nikakaa nikingoja cha pili, na cha pili hakikuja.
Kwao, asante maana yake nimetosheka.
Adabu yangu ikanilaza na kiu.
Asubuhi, kwenye theluji nyembamba,
nyayo za puma zilikizunguka kibanda mara mbili,
pole pole, kama mlinzi anayesubiri mshahara.
"Jike," alisema Eleuterio, na akaenda kukojoa.

Siku ya tano waya ulikwisha.
Tuliketi mawe mawili, midomo myeusi kwa matunda ya kalafate,
kondori mmoja juu, hapigi bawa.
Guanako wakashuka kwenda majini,
thelathini hivi, shingo zimeulizia kila upande.
Kiongozi wao akafika penye mstari.
Akasimama. Akanusa.
Akarudi hatua tatu, akaruka juu sana
kuvuka kitu ambacho hakipo.
Wa pili akaruka. Wa tatu. Majike yenye mimba yakaruka,
yakitua kwa kishindo na kuguna.
Wa mwisho, aliyezaliwa msimu ule,
alitembea tu akapita,
akawatazama wakubwa wake.

Nilitaka kusema neno. Mzee alikwisha inuka,
akaufuata mteremko kuelekea kibandani, koleo begani.
Alipofika penye mstari
akashika goti bovu kwa mikono miwili,
akaunyanyua mguu, akaupitisha, kisha wa pili.

"Mbona umenyanyua mguu?"

"Mguu gani?"